Kutoa Vikanyagio vya Kiwandani na Kufunga Slaida: Angalia Mguu Unaishia Wapi

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina Prado ya toleo la 150 iliyokuja na vikanyagio vya pembeni vya kiwandani. Nilipita njia ya mawe, kikanyagio cha kushoto kikagonga jiwe kikapanda juu, na sasa mlango wa nyuma ukifunguliwa unakwaruza kwa chini. Nimeamua kuvitoa vyote nifunge slaida za chuma, zile boriti za kulikinga gari chini ya milango. Fundi wa kwanza anasema atatumia matundu yale yale ya vikanyagio, yaliyo kwenye bati chini ya milango, ili asitoboe kitu. Wa pili anasema atazichomelea moja kwa moja kwenye chasisi. Nimsikilize yupi? Na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, atapandaje?"

Ndugu yangu, fundi wa kwanza mkatalie mapema, kabla hajakata chuma. Wa pili ameshika pale panapostahili, ila kuna mambo ya kumuuliza kabla hajawasha mashine yake. Na kuna njia ya tatu ambayo mimi ningeianzia: slaida zinazofungwa kwa bolti kwenye chasisi yenyewe. Nitaeleza zote, lakini kwanza tuelewe kilichoupata mlango wako, maana jibu lote limo humo.

Kikanyagio cha kiwandani kimetengenezwa kubeba mtu anayepanda gari. Juu kina plastiki au alumini yenye mistari ya kuzuia kuteleza, chini kina vibano vya bati vinavyoshikiliwa na bolti ndogo, na vibano hivyo vimefungwa kwenye bodi. Jiwe likikigonga kwa chini, uzito unaokuja si wa mtu tena. Ni wa gari lenye zaidi ya tani mbili. Kibano hakina nguvu ya kuukataa uzito huo, kwa hiyo kinajikunja kuelekea juu, na kinapojikunja kinalisukuma bati la kizingiti ambalo ndilo lililokishika. Kizingiti kikipanda hata kidogo, nafasi kati yake na mlango inakwisha. Kwa maneno mengine, kikanyagio hakikukukinga. Kimelipeleka pigo la jiwe hadi kwenye bodi. Isitoshe, kinaning'inia chini kuliko kizingiti chenyewe, kwa hiyo huenda bila hicho kikanyagio usingeligusa jiwe hilo kabisa.

Slaida ni kitu kingine. Ni boriti ya chuma inayokaa kandokando ya gari chini ya milango, na kazi yake ni kulibeba gari likiwa limekaa juu ya jiwe, kisha kuliacha liteleze mbele hadi tairi ishike tena. Boriti hiyo inaweza kubeba nusu ya uzito wa gari kwa mara moja, na gari likishuka kwa kishindo mzigo unazidi hapo. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila muuzaji na kila fundi si bei wala rangi. Ni hili: mguu wa slaida, yaani kile kipande cha chuma kinachoiunganisha boriti na gari, unaishia wapi? Lala chini ya gari, ufuate kwa kidole kutoka bomba la nje hadi mwisho wake. Ukiishia kwenye bati la bodi, hicho ni kikanyagio kilichovaa nguo za slaida, hata bomba liwe nene namna gani. Ukiishia kwenye chasisi, tuendelee kuzungumza.

Gari lako lina chasisi ya ngazi: mihimili miwili ya chuma inayokwenda mbele hadi nyuma, na bodi imekaa juu yake ikitenganishwa na raba. Kwa sababu ya raba hizo, bodi na chasisi havitembei pamoja. Gari likipinda kwenye mashimo, chasisi inajisokota na bodi inacheza juu yake. Hapa pana kosa ambalo mafundi wengi hulifanya kwa nia njema kabisa: wanafunga miguu kwenye chasisi, halafu wanaongeza kibano kimoja au viwili kwenye kizingiti "ili ikazike zaidi". Usikubali. Ukiunganisha vitu viwili vinavyotembea tofauti, kimoja kitamchana mwenzake, na atakayechanika ni bati la bodi. Slaida ishikwe na chasisi peke yake, na kati yake na kizingiti ibaki nafasi ya wazi. Sentimita 2 ni kiasi kizuri. Ikiwa kidole chako hakipiti hapo, siku gari likikaa juu ya jiwe slaida itapinda kidogo tu na kukigusa kizingiti, na utarudi kwenye tatizo hili hili la mlango.

Sasa kuhusu miguu yenyewe. Kila upande unahitaji angalau miguu mitatu, na kwa gari la urefu wako mimi napenda minne. Lakini idadi peke yake haitoshi. Tazama sahani ya chuma inayokutana na chasisi. Chukua mfano. Slaida ya upande mmoja imebeba kilo 1,000, na bomba la nje liko sentimita 30 kutoka kwenye chasisi. Mzigo huo unataka kuisokota miguu kwenda juu, na ukinzani wote unatoka kwenye umbali kati ya bolti za juu na za chini za sahani. Umbali huo ukiwa sentimita 10, bolti za mstari mmoja kwa jumla zinavutwa kwa nguvu ya kilo 3,000. Ukiwa sentimita 5 tu, nguvu inapanda hadi kilo 6,000. Mzigo haujabadilika hata kidogo, ila sahani fupi imeongeza adha mara mbili. Kwa hiyo sahani ndefu, inayofunika sehemu kubwa ya kimo cha mhimili, ina thamani kuliko bomba la nje la kuvutia macho. Ukiona mguu umekaa kwenye sahani ndogo kama kiganja cha mtoto, ondoka.

Bomba la nje na miguu viwe vya chuma chenye ukuta usiopungua milimita 3. Kwa boriti kuu mimi hupendelea milimita 4 na zaidi. Kipenyo cha kawaida ni kama milimita 44 au 50, na wengine hutumia chuma cha pembe nne, ambacho kina nguvu vilevile na ni rahisi kuwekea jeki. Bomba lisilo na mshono ni bora kwa sababu halichaniki linapopindwa. Bomba la maji lililopakwa zinki usilikubali kwa kazi hii: halikutengenezwa kubeba mzigo wa aina hii, na zinki ikichomwa hutoa moshi wenye sumu kwa fundi. Zipo pia slaida za alumini. Ni nyepesi na hazishiki kutu, ila alumini ni laini. Jiwe huichimba na kuing'ang'ania badala ya kuiacha iteleze. Kwa njia za mawe uliyoeleza, chukua chuma.

Jozi ya slaida nzuri za chuma kwa gari la ukubwa huo huwa na kilo 45 hadi 60. Uzito huo unakaa chini na katikati ya gari, kwa hiyo hutausikia sana kwenye kona. Lakini ni uzito uliotolewa kwenye mzigo unaoruhusiwa kubebwa. Kama una keria juu, tangi la ziada na bampa la chuma, piga hesabu ya jumla.

Kufunga kwa bolti au kuchomelea? Kwa watu wengi nasema bolti, kwa sababu tatu. Slaida ikipinda unaweza kuitoa. Rangi na nta ya kuzuia kutu ndani ya chasisi haiungui. Na chuma cha chasisi hakipati joto. Slaida nzuri za bolti zimechorwa kwa ajili ya toleo maalumu la gari, zikitumia matundu ambayo kiwanda kiliyaacha kwenye chasisi, mara nyingi pamoja na U-bolti zinazouzunguka mhimili. Uliza kuhusu toleo lako hasa. Baadhi ya Prado 150 zina mfumo wa KDSS, ule wa haidroliki unaosimamia fimbo za kuzuia gari kulala kwenye kona, na vali zake pamoja na mabomba zimefungwa kwenye chasisi upande mmoja, pale pale mguu wa slaida unapotaka kukaa. Watengenezaji makini wana mguu wa umbo tofauti kwa magari hayo. Asiyejua habari hiyo atakuambia "tutasogeza kidogo", na mabomba hayo si ya kusogezwa kidogo.

Kama itabidi kutoboa chasisi, tundu liwe kwenye ubavu wa mhimili, si juu wala chini yake, kwa kuwa pande hizo mbili ndizo zinazobeba mvutano mkubwa gari linapopinda. Na mhimili huo ni sanduku lenye uwazi ndani. Bolti ikipita upande hadi upande na kukazwa, kuta zinabanwa na kubonyea, kisha bolti inalegea yenyewe kila baada ya safari. Dawa yake ni kipande cha bomba kinachoingia ndani ya mhimili, bolti ikapita katikati yake, ili ukazaji uishie kwenye bomba na si kwenye kuta. Fundi asipokitaja kipande hicho, mkumbushe. Akisema hakihitajiki, tafuta mwingine.

Kuchomelea si dhambi. Slaida iliyochomelewa vizuri ni imara mno na haina bolti ya kulegea. Ila "vizuri" hapo ina mambo mengi. Mguu usichomelewe moja kwa moja kwenye mhimili. Kwanza iwekwe sahani ya milimita 5 au 6 yenye kona za mviringo, kisha mguu uchomelewe juu ya sahani. Sahani hiyo ichomelewe zaidi kwenye pande zake zinazokwenda na urefu wa gari. Mstari wa kuchomelea unaokata mhimili wima, kutoka juu hadi chini, ndio unaoanzisha ufa, kwa sababu chuma cha pembeni yake kimebadilika kwa joto na kila mtikisiko wa barabara unapiga pale pale. Nimeziona chasisi zilizopasuka kwa mstari ulionyooka kando ya sahani kama zimekatwa kwa msumeno. Ukipasafisha unakuta chomeo lenyewe liko zima, chuma kilichokuwa jirani yake ndicho kilichoachia.

Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe na gari lipewe dakika kadhaa lipoe umeme, maana kompyuta na mifuko ya hewa haipendi mkondo wa mashine. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu kabisa na mahali pa kazi. Upande wa ndani wa mhimili hupita mabomba ya breki, mabomba ya mafuta na nyaya. Fundi alale chini avione kwa macho, avisogeze au avikinge, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu, si stoo. Baada ya kazi, nje ipakwe praima yenye zinki na rangi, na ndani ya mhimili inyunyiziwe nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu, kwa sababu ile ya kiwandani imeungua na hutaiona ilivyoungua. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kutu ya ndani huanzia hapo.

Vikanyagio vya zamani kuvitoa si kazi ngumu isipokuwa kwa kutu. Piga bolti mafuta ya kulegeza kutu jioni, urudie asubuhi, na tumia soketi ya pembe sita ili usile vichwa. Nati za upande wa ndani zimeshikwa na bati. Ukilazimisha, nati inang'oka na kuzunguka na bolti yake, na hapo ni kukata tu. Kama vikanyagio vina taa, usikate waya ukaacha unaning'inia: fungua plagi yake, izibe isiingie maji, uifunge juu mbali na bomba la moshi. Matundu yanayobaki kwenye kizingiti yapakwe rangi na kuzibwa kwa vizibo vya raba. Ukiyaacha wazi, matope yanaingia ndani ya kizingiti na hayatoki.

Na hapa nikuombe jambo moja: mlango utengenezwe kwanza. Kizingiti cha kushoto kimesukumwa, na slaida mpya itapendeza mno mbele yake kiasi kwamba hakuna atakayepaangalia tena. Mpeleke mtu wa bodi apime nafasi ya mlango juu, katikati na chini, alinganishe na upande wa kulia. Ikiwa ni bati la nje tu, linavutwa. Ikiwa pale vibano vilipokaa bati limechanika, lichomelewe na kupakwa dawa ya kutu sasa, likiwa linafikika.

Tuje kwa mama. Nitakuambia ukweli: slaida inayokinga vizuri ni ngazi mbaya. Inakaa juu zaidi ya kikanyagio, imejibana karibu na bodi, na bomba la mviringo likilowa linateleza. Zipo zilizoinamishwa kuelekea juu kwa nyuzi 10 hadi 20. Hizo hukinga milango vizuri zaidi, lakini mguu haupati mahali pa kutulia. Kwa ajili yake, chagua slaida iliyolala, yenye bomba la pili kwa nje na sahani yenye matundu ya kung'ata soli kati ya mabomba hayo mawili. Hata hivyo kimo kitabaki. Kwa mtu mwenye magoti yanayouma, hatua ya kwanza kutoka ardhini ndiyo kazi, na hakuna slaida inayoipunguza bila kushuka chini na kupoteza maana yake. Beba kigoda imara kisichoteleza, kikae nyuma ya kiti, na uhakikishe mishikio ya ndani ya nguzo za milango ni mizima. Kigoda chenye kimo cha nusu ya safari kitamsaidia mama kuliko chuma chochote utakachokifunga. Mwambie aweke mguu kwenye kigoda, kisha kwenye slaida, akalie kiti kwanza ndipo aingize miguu.

Ukichagua, tazama pia mwisho wa nyuma wa slaida. Zile zinazotanuka kidogo kwa nje kabla ya tairi ya nyuma zina faida: ukikata kona karibu na mti au jiwe refu, chuma hugusa kwanza na kulisukuma gari pembeni kabla ubavu wa nyuma haujafika. Ila huongeza upana, nawe utalikumbuka hilo mahali pembamba pa kuegesha. Kuhusu rangi, ile ya unga inayookwa hupendeza, lakini ikibanduka maji hujificha chini yake. Kwa kitu ambacho kazi yake ni kukwaruzwa, mimi huchagua rangi nyeusi ya kawaida inayopakwa upya kwa dakika chache. Miisho ya mabomba izibwe, na kuwe na kitundu kidogo kwa chini cha kutolea maji.

Kwa wasomaji wengine wenye magari yasiyo na chasisi tofauti, kama RAV4, Pajero kuanzia kizazi cha tatu, au Land Rover Defender mpya iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, maelezo haya hayawahusu moja kwa moja. Kwenye magari hayo kizingiti chenyewe ni sehemu ya mifupa ya gari na kimepangwa kufyonza nguvu za ajali ya ubavuni. Slaida zake lazima ziwe zimeundwa kwa gari hilo, zikisambaza mzigo kwenye sehemu nyingi zilizokusudiwa. Fundi wa mtaani asibuni za kwake.

Slaida zikishafungwa, zijaribu kabla hujalipa. Pima nafasi kati ya slaida na kizingiti mbele, katikati na nyuma, uandike. Weka jeki ya gereji na kipande cha mbao chini ya katikati ya slaida, kwenye sakafu ngumu, magurudumu ya upande wa pili yamewekewa kabari, na mtu yeyote asiwe chini ya gari. Inua hadi matairi ya upande huo yaachie ardhi. Pima tena. Nafasi ipungue milimita chache tu, na milango yote miwili ifunguke na kufungwa kama kawaida. Shusha, pima mara ya tatu: isiporudi ilipokuwa, kitu kimepinda au kimeteleza, na kazi haijaisha. Fundi anayejiamini atakuletea jeki mwenyewe. Ukija kutumia jeki ndefu ya shambani njiani, kumbuka bomba la mviringo huteleza kwenye mdomo wake. Tafuta kishikio chake maalumu.

Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo alichotoa mtengenezaji. Bolti ya milimita 12 ya daraja la 8.8, kwa mfano, huwa karibu na Nm 80 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na mkono mtupu hauwezi kukisia hivyo kwa usahihi. Zirudie baada ya kilomita 500, na tena baada ya siku ya kwanza utakayolikalisha gari juu ya jiwe. Chora mstari wa rangi unaopita kwenye nati na sahani yake. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na utaliona hilo kwa kuinama tu bila spana. Pia mjulishe anayekukatia bima, na uulize kama sheria za ulipo zinataka gari lililoongezewa chuma cha pembeni likaguliwe upya.